Wawili Kwenye Uwanja Mtupu

Benchi la kijiwe chetu ni ubao mmoja juu ya matofali, mbele ya kibanda cha baba yangu, fundi viatu. Anayeketi katikati ubao humbonyea, ndiyo maana kila mtu hugombea pembeni. Asubuhi ile walikuwapo watatu wa kudumu. Wakili, ambaye sheria hakuisoma ila aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi, na tangu hapo hasemi “nadhani”, husema “naiambia mahakama”. Msafi, dobi, anayezijua aibu za mtaa mzima kwa kuzipiga pasi. Na Kipaza, ambaye timu yetu ikicheza sauti yake hufika golini kabla ya mpira. Mimi nilibonyea katikati, begi miguuni, namsubiri profesa wangu wa uchumi anipitie. Tulikuwa tunakwenda mji mwingine kwa utafiti wetu wa michezo, na Baba alikuwa ameshaniruhusu tangu wiki iliyopita. Kosa langu lilikuwa kuketi pale kabla gari halijafika.

Kipaza aliuliza tunakwenda kutazama mechi gani. Nikamjibu ni ya timu iliyoadhibiwa kwa fujo za mashabiki wake, kwa hiyo inacheza milango imefungwa, bila watazamaji.

— Bila watazamaji, akarudia. Yaani wewe na profesa.

— Na wachezaji ishirini na wawili, mjomba. Na waamuzi.

— Hao wana shughuli zao.

Msafi akaweka kikombe chini. Alisema yeye hamsengenyi mtu, ila mashati ya wasomi huyafua yeye, na shati la msomi aliyesafiri na mwanafunzi halirudi na harufu ya chaki. Wakili akaunga mkono kwa methali: mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nikamwuliza ni nani anayeinama, na uvunguni kuna nini. Akanijibu kwamba methali haihojiwi, huheshimiwa.

Chuoni mimi ni mtu wa midahalo. Nimezoea mpinzani kupewa muda wake na mimi wangu. Kijiweni muda ni wa mwenye kikombe. Kila nilipofungua mdomo kueleza, nilijibiwa kabla sijasema. Wakili aliuliza uchumi unaingiaje kwenye mpira, akajijibu mwenyewe: wanataka kutoza magoli kodi. Kipaza akapinga. Kwa maoni yake profesa alikuwa mcheza kamari, na wacheza kamari wakubwa hawaendi wenyewe dirishani, hutafuta binti mpole wa kuwabebea tiketi.

— Mpole nani? akauliza Baba bila kuinua kichwa.

Hilo lilinipa moyo kidogo. Lakini Msafi alikuwa ameshapanda mlima wake.

— Hizo fujo nani alizianzisha? Jiulizeni. Uwanja ukiwa mtupu, nani anafaidika?

— Profesa, akanong’ona Kipaza, na mnong’ono wake ukasikika ng’ambo ya barabara.

— Naiambia mahakama, akasema Wakili, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nyundo ya Baba ikanyamaza. Wenzangu wenye baba mafundi mnaijua nyundo inayonyamaza. Akakigeuzageuza kiatu cha mtu mkononi kana kwamba jibu liliandikwa kwenye soli.

— Mwanangu, hii safari ngoja kwanza. Watu watasema nini?

— Watu ndio hawa, Baba. Wote watatu. Na wameshasema.

Alisema tu niingize begi ndani, tutazungumza baadaye. Ila baadaye haikuwapo. Adhabu ile ilikuwa ya mechi moja. Ikinipita, utafiti nilioutolea jasho mwaka mzima unabaki na mguu mmoja.

Na neno la kuwanyamazisha nilikuwa nalo mdomoni: mama. Profesa wangu ni mama mtu mzima mwenye wajukuu. Lugha yetu haina hatia. Inasema “anakuja”, haisemi kavaa nini. Suruali walimvisha wao. Lakini nililimeza neno lile, maana ningelisema ningekuwa nimekubali kwamba angekuwa mwanamume wangekuwa na haki ya yote waliyoyasema. Huo ni ushindi wa mezani, na mimi siutaki. Nikaketi na begi langu, nimevimba kama andazi.

Gari likasimama. Akashuka Profesa, miwani kichwani, mkoba begani.

— Habari za hapa, kaka zangu.

Wakili ndiye aliyezinduka wa kwanza. Akasimama, akapangusa ubao kwa kiganja, akamwita dada na kumkaribisha. Msafi akacheka kwa kitulizo. Kumbe ni mama, akasema, basi binti aende, kuna neno gani tena? Kipaza akaanza kunitakia safari njema. Hapo ndipo nilipokasirika hasa. Dakika mbili nyuma nilikuwa mtu wa kufichwa ndani. Sasa nimetakasika, na mimi sijabadilika hata kifungo.

Profesa hakujua lolote. Aliwaambia kwa furaha yake yote:

— Wazo la utafiti huu ni lake, mimi nimedandia tu. Najua ameshawachosha kwa kuueleza. Mnauonaje?

Wakili akatazama ndani ya kikombe. Msafi akatafuta doa kwenye shati lake. Kipaza akamtazama Baba.

— Hatukumwuliza, akasema Baba.

Akainuka, akabeba begi langu mwenyewe hadi kwenye gari, akaliweka kwenye buti. Kisha akanigeukia mbele yao wote.

— Niambie, mwanangu. Mnatafuta nini huko?

Nikamweleza. Timu ikiwa nyumbani na imezidiwa, mara nyingi mwamuzi huongeza dakika, na timu hupata nafasi ya kusawazisha. Tunataka kujua kama ni kelele za mashabiki zinazomfanya aongeze. Ndiyo maana tunautaka uwanja mtupu: tuone atafanya nini asipopigiwa kelele na mtu.

Kipaza alikuwa amesimama.

— Kwa hiyo mimi nikipiga kelele, nacheza?

— Huenda, mjomba. Bado hatujui.

Akatabasamu, akajinyoosha mabega kama mtu aliyekabidhiwa jezi. Halafu tabasamu likapungua.

— Na mkikuta sichezi?

Nilimtazama Profesa, Profesa akanitazama mimi. Baba akanifungulia mlango, akangoja nijipange vizuri kitini, akaufunga taratibu.

— Nendeni, akasema. Mechi haiwasubiri.