Mzee Cyprien Ngendakumana na Mzabibu Wake wa Kavimvira

Ndugu, marafiki, majirani wa Kavimvira, na ninyi mliotoka Makobola na Nyakabere tangu alfajiri: asanteni kwa kuja kumsindikiza mzee wetu. Yeye mwenyewe aliagiza maneno haya yasiwe marefu, kisha akataja mambo mengi ambayo hakutaka yasahauliwe. Tutajitahidi kumtii kwa yote mawili.

Marehemu Cyprien Ngendakumana alizaliwa tarehe 14 Mei 1952 huko Nyakabere, katika bonde la Ruzizi. Alikuwa mtoto wa tatu wa hayati Venant Kwizera na hayati Generose Nduwimana, wakulima wa mpunga na muhogo, nao walimbatizisha mwaka huohuo. Mama yake alisimulia hadi uzeeni kwamba mtoto huyu alikuwa na tabia ya kufukua maharage yaliyopandwa jana ili aone kama yameanza kuota. Kwa sababu hiyo hakuruhusiwa kukanyaga bustani mpaka alipofika darasa la tatu.

Alisoma shule ya msingi kwa mapadri kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, akaendelea na humanités za biashara, yaani sekondari, hapa Uvira, akapata diplome yake mwaka 1972. Alikuwa na mwandiko mzuri ajabu. Walimu walimpa chaki aandike somo ubaoni, wao wakakaa kupumzika, naye hakuona ubaya wowote.

Mwandiko huo ndio uliompa kazi. Kuanzia Machi 1974 alikuwa deklarant pale mpakani Kavimvira, yaani aliwatengenezea watu karatasi za duane, ndiyo forodha, kwa mizigo iliyotoka au kwenda Bujumbura. Aliifanya kazi hiyo miaka thelathini na nane, akastaafu mwaka 2012. Muda wote huo alikaa meza moja na rafiki yake Achille Itangishaka, ambaye leo ameketi pale mbele. Wawili hao walibishana kila siku ya kazi na walikula pamoja kila siku ya kazi.

Tarehe 30 Agosti 1980 alifunga ndoa takatifu na Pudentienne, binti wa Mama Kankindi wa Makobola. Walijaliwa watoto wanne, wa kwanza Nicole. Mama Pudentienne anasema kwamba mumewe alikuwa mtu mpole, mwenye kusikiliza, isipokuwa kwa jambo moja, na jambo lenyewe lilikuwa na majani.

Mwaka 1985 padri mmoja mzee aliyekuwa akirudi kwao alimwachia Cyprien kijiti kilichofungwa ndani ya gazeti lililoloweshwa maji. Kilikuwa cha mzabibu wa kula mezani, ule mweusi uitwao Muscat ya Hambourg, ambao punje zake zinanukia kabla hujazitia mdomoni. Alikipanda kando ya nyumba, akakijengea kichanja cha miti ya mkaratusi. Mama Kankindi, mkwe wake, alipopata habari alikwenda kumuuliza katekista kama ni ruhusa kula zabibu kabla hazijawa divai ya misa. Katekista alimjibu kwamba ni ruhusa. Wasiwasi huo ulikuja mapema mno, kwa sababu kwa miaka minne hapakuwa na zabibu ya kula. Kulikuwa na majani, na kivuli kizuri ambamo akina mama wa kwaya walifanya mazoezi.

Mwaka 1989 gari la agronome mmoja, bwana shamba, lilikwama siku mbili mpakani kwa sababu ya karatasi. Cyprien alimkaribisha nyumbani asubiri. Mgeni alitazama juu ya kichanja, akauliza zabibu ziko wapi.

"Hakuna," Cyprien akasema. "Minye mwenyewe nafikiri mti huu ni mwanaume."

"Umeshaukata?"

"Nitaukataje na uko na majani mabichi?"

Agronome akamweleza kwamba kule kwa wazungu baridi inaulaza mzabibu kila mwaka, nao ukiamka unazaa. "Huku hakuna baridi, na mti wenyewe haujui saa ya kulala. Ni weye utaulalisha. Toa majani yote, kata kila tawi, uache macho mawili tu ya kuchipukia, halafu ungoje."

Cyprien aling'oa majani yote siku hiyohiyo. Mama Pudentienne alirudi sokoni akakuta kivuli cha kwaya kimekwisha.

"Baba Nicole, weye unavua mti nguo mbele ya watu?"

"Minye naulalisha," akajibu kutoka juu ya ngazi.

Kavimvira ilimcheka wiki mbili. Wiki ya tatu macho yakafumbuka, na baada ya miezi minne kukawa na vishada kumi na tisa. Tangu hapo aliupogoa mara mbili kwa mwaka, kiangazi kinapoanza na tena baada ya mavuno ya mwezi wa tisa. Zabibu zake alimpa kila mtu: mama aliyetoka kujifungua, mgonjwa, wavunja pesa wa mpakani, hata dereva asiyemjua.

Lakini kijiti cha kupanda hakumpa mtu. Hapa lazima tumtaje Mzee Achille, na tumemwomba ruhusa. Mwaka 1990 Achille ndiye alikuwa wa kwanza kupewa, na wa mwisho. Alikipanda, akakimwagilia mwezi mzima, hakikutoa hata jani. Cyprien alipokwenda kutazama alikuta macho yote yanaelekea chini.

"Achille, umezika mti kichwa chini."

"Kijiti iko na kichwa? Minye naona kijiti tu."

Pengine yangeishia hapo. Lakini Achille alikwenda kuwaambia watu mpakani kwamba Cyprien amempa kuni. Jambo hilo lilimuuma marehemu, na tuseme wazi kwamba lilimuuma kupita kiasi. Kwa miaka thelathini na moja kila aliyeomba alipata jibu lilelile: "Zabibu nitakupa, kijiti hapana." Kila alipomaliza kupogoa alimwambia mkewe, "Mama Nicole, toa takataka hizi kwa kiwanja." Mzabibu ukabaki mmoja. Nicole alimwonya mara nyingi kwamba siku ukifa utakuwa umekwisha kabisa, naye alisema mti huo utamzika yeye.

Mwezi wa nne mwaka 2021 ziwa lilipanda likaingia mpaka sebuleni. Familia ilihamia juu, upande wa milima. Cyprien alivaa buti za mpira na kuteremka kila siku kuutazama mti wake, ambao miguu yake ilikuwa majini. Majani yalianguka yenyewe. Maji yalipopungua, mwezi wa saba, alichuna ganda kwa kisu, akakuta ndani pamekauka mpaka shinani. Alikaa juu ya tofali, akalia. Watoto wake walikuwa hawajawahi kumwona akilia, hata alipomzika baba yake. Alirudia neno moja: "Ningempa hata mtu mmoja."

Mama Pudentienne alikuwa amesimama nyuma yake. Alijua jambo, lakini hakulisema.

Mwezi wa tisa alimlazimisha mumewe avae suti waende Makobola, kwenye ubatizo wa mjukuu wa Anne-Marie, mdogo wake Mama Pudentienne. Cyprien hakutaka kwenda popote. Alifika amenuna, akaingia uani, akasimama ghafla kwa sababu ya harufu. Juu ya vichwa vya wageni kulikuwa na kichanja, na kwenye kichanja vishada vyeusi.

"Anne-Marie, hii umeitoa wapi?"

"Uliza muke wako, shemeji. Alituletea vijiti, akatuambia upande wenye ncha uangalie mbinguni, ule uliokatwa sawa uingie chini."

Cyprien alimgeukia mkewe. Wageni walishika sahani zao wakangoja.

"Weye uliniibia."

"Sikuiba. Ulisema nitoe takataka kwa kiwanja. Nilitoa. Hukuniambia nizipeleke wapi."

Alikuwa amezitoa miaka ishirini na sita, mafungu kwa mafungu, chini ya kikapu cha dagaa. Alikuwa anachonga ncha kila kijiti ili yaliyompata Achille yasirudie. Nyumba saba za Makobola zilikuwa na mzabibu huo, na tatu za Nyakabere. Hakumwambia alipokuwa analia kwa sababu alitaka auone ukiwa umezaa, maana maneno matupu asingeyaamini.

Marehemu alitaka kukasirika, na uso wake ulishaanza. Kisha akacheka mpaka akashika nguzo ya kichanja. Alipopata pumzi akasema kwa heshima zote, "Mama Nicole, naomba kijiti kimoja."

"Zabibu nitakupa," Mama Pudentienne akamjibu. "Kijiti nitafikiri."

Alifikiri mpaka wakati wa kuondoka, akampa vitatu. Vilipandwa kwenye kiwanja kipya huko juu, vikaota vyote.

Ugonjwa wa sukari ulikuwa umegunduliwa mwaka 2015. Daktari alimkataza matunda matamu, wakapatana punje moja kila Jumapili. Mzee alitumia nusu saa baada ya misa kuitafuta iliyo kubwa kuliko zote. Mwaka 2024 moyo nao ulianza kuchoka. Alivuna mwezi wa tisa akiwa amekaa kwenye kiti. Jumamosi tarehe 5 Oktoba alimkabidhi mkewe sekateri, mkasi wa kupogolea, kitu ambacho hakikuwahi kutoka mkononi mwake, akamwelekeza tawi kwa tawi. "Acha macho mawili. Hapana, hilo lilale." Jioni aliomba vijiti vyote vifungwe ndani ya gunia lililolowa. Safari hii hakusema vitolewe kwa kiwanja. Alisema, "Siku ya kunizika, wapeni watu. Wote." Jumatatu alizidiwa, akapelekwa hospitali. Alifariki Jumanne asubuhi, tarehe 8 Oktoba 2024, mkewe akiwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha mjane, Mama Pudentienne; watoto wanne, Nicole, Délice, Olive na Kwizera; wajukuu kumi na mmoja; shemeji yake Anne-Marie; na rafiki wa meza moja, Achille Itangishaka. Ameacha pia mizabibu kumi na mitatu, kwa hesabu ya mkewe, na hesabu hiyo itabadilika leo.

Mkitoka hapa mtamkuta Mama Pudentienne karibu na lango, akiwa na gunia. Kila nyumba ichukue kijiti kimoja. Ncha juu. Kikishaota msiogope kukivua majani.

Mzee Achille, wewe alikuagizia viwili. Alisema, "Cha kwanza atakipanda kichwa chini tena, na minye sitakuwapo kumfokea. Mwambieni kile cha zamani hakikuwa kuni, lakini nimeshamsamehe."

Bwana amlaze pema Cyprien wake, kwa amani, na amwamshe kwa wakati wake.