Kaka Yetu Mwereka na Ukelele wa Chiriku

Ndugu waombolezaji, majirani zetu, na ninyi watu wa filamu mliojaza viti vya mbele, mimi ni mdogo wake wa mwisho, familia imenituma nisome historia ya kaka yetu, na kwa kuwa mdomo wangu mnaujua, naomba mnivumilie mpaka nimalize.

Kaka yetu, ambaye hata mama alizoea kumwita Mwereka, alizaliwa tarehe 3 Aprili 1948, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akafuatiwa na Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa kuwa domo lake halikuwa na breki, kisha nikaja mimi. Alianza shule ya msingi mwaka 1956, akafukuzwa mwaka 1962 kwa kujirusha kutoka kwenye paa la darasa ili wenzake wamshangilie, baba akamcharaza mpaka fimbo ikakatika, na kesho yake akapanda paa la nyumbani.

Mwaka 1967 aliajiriwa na kampuni ya filamu, kazi yake ikiwa ni kuanguka badala ya waigizaji wakubwa, kutoka juu ya farasi, ngazini, dirishani, akavunjika mbavu, mkono na taya, huku sifa wakichukua wenye sura nzuri. Huko ndiko alikokutana na wifi yangu, mshonaji wa mavazi ya askari, aliyemfunga kidonda cha kichwa kwa kitambaa cha joho la mfalme na kukatwa mshahara, wakafunga ndoa tarehe 12 Juni 1971, wakajaliwa mabinti wawili, hawa hapa.

Mwaka 1974 ilitengenezwa ile filamu ya vita vya wafalme, ambayo hakuna asiyeijua hapa, Mwereka akiwa kiongozi wa waangukaji, na akamwingiza Chiriku kazini. Alikuwa na sheria moja tu, ukishakufa umekufa, usikohoe, usijikune, usiinue kichwa mpaka firimbi ilie, maana maiti mmoja akitikisika pambano zima linarudiwa, na watu wanaumia upya.

Tarehe 9 Septemba, kwenye machimbo ya mawe, gari la vita la farasi wanne lilikosa njia likampanda Chiriku, gurudumu likamponda kiuno, farasi akamkanyaga kifuani, naye akapiga ukelele mrefu akimwita kaka. Mwereka alikuwa amelala karibu yake, uso kwenye vumbi, akausikia, na kama alivyotusimulia mwenyewe akilia, alijisemea moyoni kwamba mdogo wangu leo kaiweza kazi, wala hakuinua kichwa. Mwongozaji aliiona damu, akajua si rangi, akamshika mkono mpiga firimbi, akamwambia subiri kwanza, na kamera ikaachwa iendelee mpaka ukelele ulipoisha.

Firimbi ilipolia Mwereka aliinuka akicheka, akamgeuza mdogo wake ili ampongeze, jamani, akakuta macho yako wazi na kifua kimeingia ndani. Mpiga firimbi alipomweleza ukweli, kaka alimfuata mwongozaji ofisini, akampiga kwa mpini wa mkuki wa filamu mpaka akamvunja taya, kisha akamtupa nje kupitia dirishani, vioo na vyote, akafungwa miaka miwili, na mimi sitasimama hapa niseme alikosea.

Alipotoka gerezani, ukelele wa Chiriku ulikuwa umesifiwa mpaka ukakatwa na kuuzwa kwa filamu nyingine, kila anayechomwa kisu au kutupwa gengeni akawa analia kwa sauti ya ndugu yetu, na kaka akawa anakutana nao kwa kinyozi, kwenye duka la viatu, hata sebuleni kwa wakwe wa binti yake. Alichotaka maisha yake yote ni kimoja, sauti ile iondolewe, akaenda kuomba kwenye geti la kampuni mpaka walinzi wakazoea kumpiga virungu kabla hajasalimia.

Alilazwa kwa maradhi ya mapafu tarehe 2 Februari mwaka huu, na filamu ile ilipowashwa wodini ili kuwaliwaza wagonjwa, alichomoa sindano, akainua chuma cha kutundikia dripu, akaipasua televisheni huku damu ikimchuruzika mpaka miguuni. Alifariki tarehe 11, mkono wake ukiwa mkononi mwa wifi yangu.

Mwongozaji yupo hapa, mzee yule mwenye taya lililopinda, na jana alikiri mbele yetu kwamba hata yeye sasa angetaka kuuondoa ukelele ule, lakini umeshauzwa huku na huko, haurudi tena, na hakuna wa kushtakiwa. Basi ombi la familia liko kwenu, siku mtakapousikia majumbani mwenu, msiseme filamu ni kali, waambieni watoto kwamba huyo ni mtu anakufa kweli, kisha mzime.

Tunawashukuru madaktari, na muuguzi mkuu aliyefagia vioo vya televisheni bila kumgombeza mgonjwa, tunawashukuru majirani kwa kila kiti mlichobeba, na waangukaji wenzake mliokuja na magongo yenu. Pumzika kwa amani, kaka, kuzima tutazima sisi.