Saynab Barre Gelle, Aliyejaza Ritani za Soko la Garissa, 1951–1998

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Mimi ni Yarow Barre, kitinda mimba wa mzee Barre Gelle, na marehemu ni dada yangu. Tulimzika Ijumaa, kabla wengi wenu hamjapata habari kwa sababu ya mafuriko. Ndiyo maana wasifu huu unasomwa leo, siku ya tatu, Jumapili tarehe 11 Januari 1998.

Saynab alizaliwa Hadado, Wajir, mwaka wa 1951, mtoto wa pili kati ya sita. Ukame ulipomaliza ngamia wetu, baba alihamia Wajir mjini na kupata kazi ya ulinzi. Huko Saynab aliingia shule akiwa na miaka kumi, katika darasa lenye wasichana watatu. Alimaliza darasa la saba mwaka wa 1968. Karo ya kuendelea haikupatikana.

Mwaka wa 1970 alikuja Garissa kwa mjomba wetu, akajifunza kupiga taipu. Mwaka uliofuata aliajiriwa na mfanyabiashara wa jumla, na karani mzee wa pale akamfundisha kuweka daftari na kujaza fomu za kodi. Alifanya kazi hiyo miaka ishirini.

Aliolewa na Salah Billow, dereva wa lori, tarehe 14 Aprili 1973. Walipata watoto wanne, mmoja akafariki akiwa mchanga. Salah aliuawa na majambazi barabarani mwaka wa 1991. Miezi miwili baadaye duka la jumla lilifungwa, na tajiri akamwachia Saynab taipureta mahali pa mshahara wa mwisho.

Akiwa na taipureta hiyo alikodi chumba nyuma ya hoteli ya chai ya Amino, hapa sokoni. Wenye maduka, wenye malori, wauza nyama, wote walipita pale kuandikiwa nambari ya PIN ya kodi na kujaziwa ritani, zile taarifa za mapato za kila mwaka. Hakuna aliyetoka bila kufokewa kidogo. Alitaka pesa za duka zikae mbali na pesa za nyumbani, na kila risiti ya mzigo itiwe kwenye bahasha siku ileile. Hata aliyepata hasara, Saynab alimlazimisha kujaza ritani. "Usipoiandika hasara yako," alisema, "ofisi ya kodi itakukadiria faida, na kodi ya faida hiyo utalipa." Amino anakumbuka siku alipoambiwa aandike kila anachokitoa hotelini bila kukiuza.

"Hata chai ninayokunywa mwenyewe?"

"Hiyo kunywa, walal, ndugu yangu. Lakini gunia la sukari unalompelekea mama yako kule Hulugho, hilo andika."

Amino alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaliandika.

Sasa nafika mwaka wa 1994, na naomba mnisikilize mpaka mwisho.

Mwaka huo alikuja mtu mwenye mkoba, akasema ametumwa kukusanya kodi. Alizunguka duka kwa duka, akapokea pesa taslimu na kuandika risiti. Wafanyabiashara kumi na saba walimlipa. Saynab alikuwa Wajir akimuuguza mama. Aliporudi na kuziona zile risiti, alizipeleka ofisini kuulizia. Hazikuwa za serikali. Aliwaita wenye maduka mbele ya hoteli ya Amino, akawaambia.

"Nambari moja iko kwenye risiti tatu. Mmeibiwa. Na kodi ya mwaka huu bado mnadaiwa."

Hanad, aliyekuwa na duka la nguo, alisimama. "Nani alikutuma ofisini? Tulikuwa tumekaa salama. Umetuuza!"

"Wangekuja tu, Hanad. Afadhali twende wenyewe."

Hawakumsikiliza. Paa la chumba chake lilipigwa mawe siku tatu. Watu waliacha kumwamkia. Hata hivyo, Saynab alimsindikiza ofisini kila aliyekubali, mmoja mmoja, akamwombea kulipa kidogo kidogo. Kumi na mmoja walibaki na maduka yao. Sita hawakuweza, Hanad akiwa mmoja wao. Yule mwizi hajapatikana mpaka leo. Na Saynab aliendelea kuitwa msaliti.

Ndugu zangu, aliyemleta yule mtu ni mimi. Alilala nyumbani kwangu siku kumi na moja. Mimi ndiye niliyemtembeza madukani nikisema, "Huyu namjua." Sikujua kwamba ni mwizi, lakini kwa kila duka alinipa fungu langu, na sikuuliza kwa nini. Saynab aligundua. Alikuja kwangu, akabaki mlangoni.

"Yarow, ulikula?"

"Nilikula, abaayo, dada yangu."

Aligeuka kutazama kama kuna aliyesikia. Kisha akasema, "Una watoto wadogo. Ukitamka leo, watakuua." Akaondoka, akabeba lawama ile miaka mitatu na zaidi, na mimi nikamwacha aibebe.

Desemba mto ulipofurika, alihamia mwinukoni pamoja na majirani. Mifugo ilikuwa ikifa kwa wingi. Alisaidia kuchinja mbuzi mgonjwa ili wenye njaa wale. Tarehe 4 Januari alishikwa na homa, kisha akaanza kutoka damu puani. Maji yalikuwa yamekata njia ya hospitali. Alhamisi aliniita.

"Fomu za Amino ziko kwenye sanduku. Mwambie atie saini."

"Nitamwambia. Na ile habari nyingine, abaayo?"

"Usiseme kwa ajili yangu. Sema ukiweza kuishi na yatakayofuata."

Alifariki Ijumaa tarehe 9 Januari, baada ya sala ya alfajiri, akiwa na miaka arubaini na sita.

Ameacha mama yetu, Weris, aliyeko Wajir na bado hajapata habari, watoto wake Iftin, Sadia na Bule, wajukuu wawili, na ndugu wanne tulio hai, nikiwemo mimi.

Ni desturi kuuliza kama kuna anayemdai marehemu. Saynab hadaiwi. Enyi kumi na saba, deni lenu liko kwangu. Nitakaa hapa mpaka watu watawanyike, na sitaondoka hata mkija kwa hasira. Mola amrehemu dada yangu, alipanue kaburi lake, na ampe utulivu ambao sisi tulimnyima.