Sisi Tunamchukua Yule Mfupi

Jioni ile timu za ligi ya mpira wa kikapu zilikuwa zikichagua wachezaji vijana, raundi kwa raundi, na ndani ya treni ya Seattle mzee Orville alikuwa akifuatilia kwenye simu, kifuani fulana ya kijani ya timu iliyohamishwa kutoka mji huo zamani.

"Huyu mrefu tunamwacha," alitangaza, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Sisi tunamchukua yule mfupi wa Spokane."

Renata, mwanafunzi aliyekaa ubavuni mwake, alicheka. "Sisi nani, mzee wangu? Hatuna timu!"

"Kila mwaka nachagua, binti. Siku timu yetu ikirudi, isinikute nimezubaa."

"Si uhamie timu nyingine? Huyo mrefu dunia nzima itamwiga."

"Hata wetu waliigwa. Watoto wa mtaani kwangu walirusha mpira kama wao, kikapu chenyewe pipa la taka. We hukuwaona."

Kweli hakuwaona. Alizaliwa timu imeshafungasha virago, na hakuwahi kuishangilia hata mara moja. Hata hivyo akainama kuitazama simu ya mzee.

Treni ikasimama kituo cha Renata. Milango ikafunguka, naye akageuka, mguu mmoja nje.

"Na raundi ya pili, mzee, tunamchukua nani?"