Umri wa Kweli wa Daktari Kornelio Albano

Baba Paroko, waheshimiwa viongozi, majirani wa Chang'ombe na ndugu wote mliotufuata katika msiba huu, mimi ni Yustina, binti wa kaka yake marehemu, nimepewa kazi ya kusoma historia yake, na naomba radhi mapema kwamba ninayoisoma siyo ile iliyopigwa chapa na kugawiwa pale mlangoni, kwa kuwa ile iliandikwa na kamati ya mazishi, na hii imepitiwa na mjane.

Marehemu baba yangu mdogo, Daktari Kornelio Albano, alizaliwa kijijini Mwena, karibu na Misheni ya Ndanda, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Albano na Bibi Bernadeta, na vyeti vyake vyote vinasema ilikuwa tarehe 12 Juni 1925, ila bibi yetu, ambaye ndiye aliyekuwapo, alishikilia mpaka anaingia kaburini kwamba alimzaa mwezi ule homa kuu ilipokuwa ikifagia watu baada ya vita ya Mjerumani, yaani mwishoni mwa mwaka 1918, na kwamba mwalimu wa misheni ndiye aliyempunguzia miaka, maana darasa la kwanza halikupokea wavulana wanaoanza kuota ndevu.

Alisoma Ndanda hadi mwaka 1940, akaendelea Tabora hadi 1944, kisha akaingia Makerere alikohitimu udaktari mwaka 1951, akatumikia hospitali za Lindi na Songea, na tarehe 8 Mei 1954 akafunga ndoa mjini Lindi na mkunga Adelina, wakajaliwa watoto watatu, Marselino na wadogo zake wawili, ambao wote wapo hapa.

Mwaka 1963 alikwenda Uingereza kusomea uchumi wa afya, akarejea 1966 na kuomba mwenyewe kuishi hapa Chang'ombe, katikati ya karakana na viwanda, jambo ambalo wenzake walidhani ni adhabu. Baada ya Azimio la Arusha alikuwa miongoni mwa wataalamu walioitwa kusema fedha ya dawa iende wapi, akashikilia kwamba iende kwenye zahanati za vijijini, na hasa kwa wazee, ambao alizunguka nchi akiwachunguza, akiwapima nguvu na macho, na kutafuta umri wao kwa kuwauliza waliona nini utotoni. Kiongozi mmoja alipomwambia kwamba mzee wa Kiafrika hatunzwi na serikali, hutunzwa na wanawe, alimjibu, "Nionyeshe huyo mwana, ndugu, nimpe dawa ampelekee," na kwa miaka miwili hakuitwa tena kwenye mkutano.

Alipoitwa tena, mwaka 1972, alikuta wagonjwa wanaopelekwa kutibiwa ng'ambo ni wenye vyeo na wake wa wenye vyeo, akaishawishi kamati iliyohusika kwamba cheo kisiangaliwe kabisa, mfanyakazi wa kiwanda naye apelekwe, bali iangaliwe miaka ambayo mtu angeweza kuishi baada ya kupona, na hivyo aliyepita miaka hamsini na mitano asiende. Wataalamu walimpigia makofi, na sheria ile haikuwa na ubaya wowote mpaka ilipofika mtaani kwetu.

Mwezi Julai 1975 jirani yetu, Mzee Mfaume Hija, ambaye wengi wenu mlimjua, aliota uvimbe kichwani, na karatasi za kiwandani kwake zilisema ana miaka hamsini na miwili, akawa anastahili kwenda. Baba mdogo alikwenda kumjulia hali, wakazungumza na kucheka, naye kwa mazoea yake ya kazi akamuuliza kama alipoingia jando Mwingereza alikuwa keshafika, na Mzee Mfaume, mtu wa Pwani anayejua kwamba umri ni heshima, akajivuna kitandani, "Mwingereza! Mie Mjerumani nimemwona na bakora yake, nyie watoto wa juzi mna habari gani?" Kesho yake baba mdogo aliiambia kamati kwamba mzee yule amepita sitini, Mzee Mfaume hakupelekwa, akafariki mwezi Oktoba, na mjane wake, Bi Mwajabu, alikuja mpaka mlangoni petu akasema mbele ya watu, "Daktari, mume wangu ulimuuliza umri kama jirani, ukaenda kuusema kama serikali."

Mwezi Machi mwaka huu wa 1979 marehemu alianza kuishiwa pumzi na kuvimba miguu, madaktari wakaona kwamba vali moja ya moyo imeharibika na upasuaji wake haufanyiki nchini, na kamati ileile, ikisoma vyeti vyake vya miaka hamsini na mitatu, ilikuwa tayari kumpeleka. Ni yeye aliyekwenda kuwaambia kwamba ana miaka sitini na kwamba mama yake si mwongo. Shangazi zangu wanakumbuka mama mdogo Adelina alivyopiga kelele siku ile, "Baba Marselino, unataka kuniachia nyumba tupu kwa ajili ya homa ya mwaka wa kumi na nane?" naye akajibu tu kwamba yeye mwenyewe alimfanyia Mfaume hivyohivyo.

Karatasi mliyo nayo mkononi inaishia hapo, inasema alikataa mpaka mwisho, akaitanguliza nchi yake, na nasikia hotuba itakayosomwa makaburini inasema hivyo pia. Sivyo. Mwezi Juni mama mdogo alimshika mkono akampeleka kwa Bi Mwajabu kuomba radhi, na Bi Mwajabu, ambaye hakuwa amewapa salamu kwa miaka karibu minne, alimtazama ile miguu akasema, "Kufa kwako hakunirudishii Mfaume, daktari. Panda ndege." Baba mdogo akarudi nyumbani akimwambia mkewe amfungashie sanduku, akaandika kwa kamati kuomba aende, na kamati ikamjibu kwa adabu kubwa kwamba umri wake umekwisha kurekebishwa kwa kauli yake mwenyewe, na sheria ni sheria. Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 14 Agosti, akiwa amekaa, maana kulala alikuwa hawezi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa dawa zilizopatikana, wafanyakazi wenzake, majirani wa Chang'ombe, na kwa namna ya pekee Bi Mwajabu, aliyeshinda jikoni kwetu tangu Jumanne. Wanakamati wa matibabu ya ng'ambo mliokuja kutupa pole tumewapokea, karibuni chai, ila mama mdogo anawaomba hotuba ile isisomwe, kwa sababu wapo wazee wengine mtaani humu wenye mioyo migonjwa kama wake, na kesho wataambiwa kwamba Daktari Kornelio alikubali kufa, wao ni nani hata wakatae.

Hakukubali. Alitaka kuishi, aliomba kuishi, akanyimwa.

Pumzika, baba mdogo, kwa amani ambayo hapa hatukukupa.