Bi Dirisha na Mgeni Wetu wa Kwanza

Baada ya miaka ishirini na sita nyuma ya Dirisha la Wageni, katika ofisi ya soko ya baraza letu la mji, Bi Dirisha anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Wasifu wake ulikuwa umekwisha kuandikwa, mtulivu na wenye adabu zake. Imebidi uandikwe upya kwa sababu ya jambo lililotokea Jumanne iliyopita, ambalo limetuacha midomo wazi hadi leo.

Tuanze na yanayojulikana. Bi Dirisha aliajiriwa akiwa karani wa soko. Wakati huo mabasi yalisimama hapa kwa ajili ya choo tu, na abiria aliyeuliza kuna nini cha kuona alijibiwa na mji mzima kwa sauti moja: "Hapa? Hapa hakuna kitu." Ni yeye aliyeomba ukuta wa ofisi utobolewe dirisha linalotazama stendi. Akaweka viti viwili na bango: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wafua chuma wa mtaa wa nyuma walimcheka. "Dada, unamsubiri nani? Mvua?"

Wa kwanza kukalia viti vile walikuwa watu waliofika na mafurushi, wakikimbia kwao, ambao hakuna aliyewaita wageni. Hakuwauliza wametoka wapi. Aliwauliza wanaona nini. Mtu aliyepoteza mji wake huutazama wa wenzake kwa makini. Wakamtajia ngazi za mawe zinazopanda kutoka sokoni, zilizolika katikati kwa nyayo, na milio ya nyundo inayojibizana asubuhi kutoka kibanda hadi kibanda. Bi Dirisha, aliyezipanda ngazi hizo tangu utotoni, alitoka akaenda kuziangalia.

Hata hivyo wageni hawakuja, na baraza likaamua kuziba dirisha. Ndipo Jumamosi moja akatokea bwana mmoja mwenye kofia pana, na mkewe mwenye mwavuli. Walipanda ngazi polepole, wakasimama, wakaangalia juu, wakapapasa mawe. Mji mzima uliwafuata kwa macho. Hapakuwa na mahali pa kulala, kwa hiyo fundi cherehani mmoja wa pale juu akawapa chumba chake cha mbele.

Kesho yake ngazi zilikutwa zimefagiwa, na hakuna aliyekiri kuzifagia. Wafua chuma wakaanza kutundika kazi zao nje. Fundi cherehani akauza mashine yake, akanunua vitanda vinne, na hiyo ndiyo nyumba ya wageni ambayo leo haikosi watu. Picha ya yule bwana ilitundikwa mapokezi ya ofisi yetu, na chini yake maneno: MGENI WETU WA KWANZA. Tumeipangusa vumbi kila Ijumaa. Kila mfanyakazi mpya amesimamishwa mbele yake na kuambiwa kwamba mji huu ulianza kujipenda siku ile.

Sasa Jumanne. Dereva wetu, akiwa safarini, aliingia bucha katika mji mwingine na kumkuta nyuma ya mizani mzee wa picha, amezeeka lakini ni yeye. Kamati ya sherehe ya kumuaga ikafurahi mno: huyu atakuwa zawadi ya kumshangaza Bi Dirisha. Tukamleta kwa gari la ofisi na kumkalisha kiti cha mbele. Bi Dirisha akaingia na chupa ya chai. Mzee akainuka, akamtazama, akasema, "Shemeji, mbona umekonda hivyo?"

Dereva alikaa chini pasipokuwa na kiti.

Bi Dirisha alitua chupa mezani na kueleza yote. Mgeni wetu wa kwanza ni mume wa dada yake. Kofia ilikuwa ya kuazima kwa baba mkwe, na mwavuli ulikuwa wa kumficha dada uso, asitambuliwe. Bi Dirisha alimwita shemeji aje baada ya kusikia dirisha litazibwa, akampa masharti: tembea polepole, angalia juu, uliza bei, na usinisogelee. Msimu mzima shemeji aliendelea kutuma majirani zake. "Sasa mgeni wa kweli wa kwanza alikuwa nani?" mwenyekiti wa kamati aliuliza kwa sauti ndogo. "Sijui," Bi Dirisha alijibu. "Siku aliyokuja, ngazi zilikuwa zinafagiwa tayari. Sikumtambua."

Hapo ndipo chai ilipopoa. Kuna mtu aliyeuza cherehani yake kwa ajili ya kofia ya kuazima. Mwenyekiti alisema wazi: bila mwenye nyumba ya wageni kuridhika, hakuna sherehe. Bi Dirisha hakubisha. Alisema yeye mwenyewe ndiye atakayemwambia, nasi tukapanda ngazi nyuma yake kama watu wanaopeleka habari za msiba.

Tulimkuta akianika mashuka. Alisikiliza hadi mwisho, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Alilala kwenye mashuka yangu?" aliuliza.

"Alilala."

"Basi ni mgeni. Tena ndiye pekee aliyeniambia usoni kwamba chumba cha mbele kinavuja. Hawa wa kweli husema ahsante, wakaondoka." Kisha akamnyooshea kidole Bi Dirisha. "Ila wewe, mwenzangu! Miaka yote unaniletea watu, na wewe hujalala kwangu hata siku moja. Hapo ndipo uliponidanganya."

Sherehe ipo. Picha inabaki ukutani. Mchoraji wa mabango ameongeza neno moja chini yake: SHEMEJI.

Bi Dirisha, ahsante kwa dirisha, kwa viti viwili, na kwa uongo ambao mji mzima uliufagilia njia hadi ukawa kweli. Usiku wa tarehe thelathini chumba cha mbele ni chako, mashuka yameshaanikwa. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Tunakutakia usingizi mnono na kuamka kwa raha miaka mingi. Ukiamka, panda ngazi polepole, angalia juu, halafu uje utuambie kama bado panavuja.