Mama Wawira na Tovuti ya Mtumba

Ifikapo tarehe 31 Desemba 1999, Bi. Celina Mukami, ambaye sote tunamwita Mama Wawira, atafunga droo yake kwa mara ya mwisho baada ya miaka ishirini na minane katika Ushirika wa Wafuga Nyuki, afisi ya Embu. Alikuja mwaka wa 1971, msichana wa Gachoka mwenye cheti cha kupiga taipu na sauti iliyosikika hadi barabarani. Anaondoka akiwa katibu muhtasi mkuu. Sauti haijapungua.

Kazi yake ilikuwa barua, na hakuna barua ya Mama Wawira iliyowahi kuanza na jambo lenyewe. Kwanza salamu, kisha mvua, kisha watoto, na mwishoni kabisa, juu tu ya sahihi, msomaji hukaribishwa chai. Hata mlinzi aliyefutwa kazi kwa kulala zamuni alikaribishwa chai katika barua hiyohiyo ya kumfuta. Akaja, akanywa, akaomba msamaha, na hadi leo yuko pale langoni. Meneja wetu, Bw. Gedion Njiru, ambaye ni mtu wa maneno machache, alichoka akabandika tangazo ukutani kwamba barua yoyote isizidi nusu ukurasa. Mama Wawira alilisoma, akalisifu kwa ufupi wake, akarudi mezani kuendelea na ukurasa wa pili.

Lakini kisa ambacho hatuwezi kumwacha aondoke bila kukisimulia ni kile cha tovuti.

Mwaka jana tulipata habari kwamba kina mama wa kanisa fulani huko Ujerumani, wenye duka lao, walikuwa wakitafuta asali. Kwa wafugaji wetu hilo lilikuwa jambo kubwa, maana tangu zamani asali yao ilikuwa ikiishia kwa madalali wanaojipangia bei. Tukaambiwa anayetaka kujulikana ng'ambo awe na tovuti. Mfanyabiashara mmoja wa Nairobi alikuwa akiuza yake, iliyokwisha tengenezwa, tena yenye jina la asali. Katika mkutano mkuu kule Gachoka wanachama walisitasita, mpaka Mama Wawira aliposimama. "Nguo ya mtumba ukiifua ni nguo," aliwaambia, na mikono ikainuka. Wengi walienda kutundika mizinga mipya kwa neno lake, akiwamo kaka yake, Mzee Munyi.

Kumbe ile nguo ilikuwa na madoa. Kina mama wa Ujerumani walipolitafuta jina la tovuti yetu kwenye intaneti, walilikuta limetajwa katika kurasa za kamari, za dawa za kuotesha nywele, na nyingine ambazo Mama Wawira alizitazama akavua miwani. Mwenda, fundi wetu wa kompyuta anayetoka Maua, alitueleza kwamba zile zinaitwa linki, yaani maneno ambayo mtu akiyabonyeza huletwa moja kwa moja kwetu. Mwenye tovuti wa zamani alikuwa akibadilishana linki na kila aliyepita, nitangaze nikutangaze, ili aonekane ana marafiki wengi. Kina mama wale waliandika kwa upole kwamba duka la kanisa haliwezi kuuza asali ambayo jina lake linaning'inia katika nyumba za kamari. Linki hizo zisipoondolewa kabla ya mavuno, wangetafuta asali kwingine. Siku hiyo Mama Wawira hakula chakula cha mchana, na anayemjua anaelewa uzito wa jambo hilo. Angewaangaliaje watu wa Gachoka?

Mwenda alianza kwa ukali. Aliwaandikia wenye kurasa zile mistari miwili miwili, ondoa au tutakwenda kortini. Hakuna aliyejibu. Hapo Mama Wawira akaingilia kati. "Mwenda, wewe ukinunua shamba unaanza kukata fensi ya jirani kabla hujamsalimia?" Akavuta kiti mbele ya kompyuta, modemu ikalia kama mbuzi aliyefungwa vibaya, naye akaanza kuandika barua pepe kwa mtindo wake. Kila mwenye ukurasa aliulizwa hali ya familia na kama kwao mvua imenyesha. Akaelezwa kwamba mwenye shamba wa zamani amehama, kwamba jirani mpya ni wafugaji wa nyuki wa sehemu kame, na kwamba tungemshukuru sana akituondolea linki yake. Mwishoni, ukipita karibu, ingia chai. Bw. Njiru aliziona barua zile, akatoka nje kupunga hewa.

Majibu yakaanza kuja. Mtu wa dawa ya nywele aliomba radhi na kusema kwao kuna ukame. Mwingine alitutumia picha ya mtoto wake. Linki zikawa zinatoweka, isipokuwa za bwana mmoja wa michezo ya karata aitwaye Walter, mwenye kurasa nyingi kuliko wote. Yeye alijibu kwa sentensi moja tu, kwamba angekuja kunywa hiyo chai. Tulicheka. Mama Wawira peke yake hakucheka. Aliuliza kama sukari ipo.

Na Walter akaja! Alikuwa amepanda Mlima Kenya, akateremka akichechemea, matope hadi magotini, akauliza langoni alipo Bi. Mukami. Alinyweshwa chai na kulishwa nduma, kisha akapelekwa Gachoka kwa Mzee Munyi kuonyeshwa mizinga ya magogo. Nyuki alimuuma sikioni. Mzee Munyi, ambaye hajui kompyuta wala hataki kuijua, alimwambia waziwazi kwamba asali ile isiponunuliwa mizinga itashushwa. Waliporudi Embu, Walter aliketi kwenye kompyuta yetu, sikio limevimba kama andazi, akaondoa linki zake zote. Alisema amewahi kutishwa na mawakili wengi, lakini hajawahi kuulizwa kuhusu mvua.

Asali ilisafiri kwenda Ujerumani mwezi wa Agosti. Siku lori lilipoondoka Gachoka, Mama Wawira alilia hadharani, kisha akaimba, na wanawake wa kule wakamwitikia hadi lori likapotea. Madalali wamebaki wakiuliza tulitumia dawa gani. Hatukutumia dawa. Tulitumia mdomo wa Mama Wawira, ambao tulikuwa tumejaribu kuufupisha kwa miaka ishirini.

Tunakushukuru, Mama Wawira, na tutakukosa sana. Afisi itakuwa kimya hadi iudhi. Ujue kwamba wiki iliyopita Bw. Njiru aliandika mwenyewe barua ya kuwaarifu wateja kuhusu kustaafu kwako. Aya ya kwanza ni salamu. Ya pili ni mvua. Jina lako linaonekana ukurasa wa pili, na lile tangazo la ukutani amelibandua kwa mkono wake.

Nenda salama nyumbani, ukale jasho lako kwa amani. Na ukipita karibu, ingia chai. Usidhani tunasema hivyo kumalizia barua tu, maana wewe ndiye uliyetuonyesha kwamba mtu huja.